Hakuna barafu Mtera, lakini hedi ilipinda: kisa cha injini ya boti iliyolazwa miezi mitano na nusu

Boti yenyewe ni ya faiba, mita 8, na kazi yake ni kubeba samaki na mizigo ya wavuvi kati ya madago na mwalo, upande wa Dodoma wa Bwawa la Mtera. Injini imo ndani, chini ya sakafu ya nyuma: dizeli ya silinda 4, lita 2.2, bloku ya Kubota V2203 iliyogeuzwa kuwa ya majini. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika Ulaya, na ilikuwa imefanya kazi Mtera misimu miwili bila lawama. Mwishoni mwa Septemba maji yalipoanza kuukimbia ufuko, boti ilivutwa kwa trela ikawekwa bandani. Katikati ya Machi ilirudishwa majini. Safari ya kwanza haikufika nusu saa: injini ilichemka, ikazimwa, ikaongezwa maji, ikachemka tena, na oili kwenye kijiti ikatoka na rangi ya chai ya maziwa.

Kulaza boti Mtera si hiari. Bwawa lilijengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu kutunza maji ya umeme, megawati 80 pale pale Mtera na 204 kule Kidatu chini ya mto, na maji yanapohitajika kwenye mitambo hakuna anayeuliza boti ya nani imekwama. Kati ya kimo cha juu cha maji, mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kile cha chini cha kuendeshea mitambo, mita 690, kuna mita 8.5. Kwenye tambarare kama ile, mita 8.5 za kushuka ni mwendo mrefu wa matope. Boti za mbao zenye injini ya kuning'inizwa nyuma husogezwa na watu wanne na kazi ikaendelea. Boti nzito yenye injini ndani hupandishwa juu ikangoja masika.

Kilichofanyika Septemba kilikuwa kifupi. Injini ilizimwa, betri ikaondolewa, turubai likafungwa. Kitabu cha injini kilikuwa na kurasa zake za kuilaza kwa msimu wa baridi: kutoa maji, kutia kulanti (kimiminika cha kupozea injini) ya kuzuia barafu, na mengineyo. Fundi alipoulizwa kama hizo zinahusu, jibu lilikuwa, "Mzee, barafu ya Mtera iko kwenye deli za samaki tu." Na kweli. Dodoma usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 13 hivi, na bloku ya chuma haipasuki kwa nyuzi 13. Kwa hoja hiyo kurasa zote zikarukwa. Hoja ilikuwa sahihi kwa mistari miwili au mitatu ya kurasa zile. Mistari mingine yote ilihusu kutu, mpira, matope na chumvi, na hivyo Mtera havikosekani.

Dakika 25

Mpangilio wa dalili ulisema karibu kila kitu, kama angekuwepo wa kuusikiliza. Injini iliwaka vizuri. Ndani ya dakika tano sauti ya ekzosi ilikuwa kavu na kubwa kuliko kawaida. Baadaye kidogo ikaja harufu ya mpira unaoungua. Mshale wa joto ulikuwa bado umetulia karibu na nyuzi 80. Dakika ya 25 mvuke ulitoka kwenye kifuniko cha tangi la maji la injini, na hapo ndipo king'ora kikalia.

Kwenye injini ya namna hii ekzosi ni ya maji. Maji ya bwawa yakishapita kwenye injini hutupwa ndani ya kiwiko cha ekzosi, yakaupoza moshi na hosi ya mpira inayoutoa nje. Maji yakipungua, sauti hukauka kwanza, hosi hunuka pili, na mshale wa joto huja mwisho. Safari hii ulichelewa zaidi kwa sababu kihisi cha joto kimetengenezwa kuzama majini. Maji yalipochemka, kikabaki kwenye mvuke, na mvuke haukipashi joto sawasawa na maji. Ndiyo maana nahodha wazoefu huchungulia ekzosi mara tu injini inapowaka, kabla hata ya kutazama dashibodi.

Kosa lililofuata lilizidisha hasara. Kifuniko kilifunguliwa injini ikiwa moto, na maji baridi ya bwawa yakamiminwa ndani kwa ndoo. Hedi, yaani kile kifuniko kizito cha chuma kinachofunga silinda kwa juu, iliyopata joto kupita kiasi kisha ikapozwa ghafla upande mmoja hujikunja. Injini iliyochemka huachwa imezimwa saa nzima au zaidi, mpaka hosi ya juu iweze kubanwa kwa mkono bila kuunguza wala kuonyesha shinikizo, ndipo kifuniko kiguswe.

Dhana ya ufa wa barafu

Oili ya maziwa maana yake maji yameingia kwenye oili, na kwa kuwa injini ilitoka Ulaya, mkato wa haraka ulikuwa huu: bloku ilipasuka kwa barafu huko ilikotoka, ufa ukazibwa kwa ujanja, sasa umefunguka. Si dhana ya kipuuzi. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, na chuma cha kusubu hakina mahali pa kuyapisha. Wauzaji wa injini za mitumba wanajua hilo, na si wote wanaolisema. Lakini mkato huo ungemfanya mwenye boti aitupe bloku nzima.

Ufa wa barafu una sura yake. Kwa kawaida ni mrefu, hukimbia kwa ulalo ubavuni mwa bloku pale koti la maji (nafasi ya maji yanayozunguka silinda) lilipo jembamba, au kwenye manifoldi ya ekzosi inayopozwa kwa maji. Mara nyingi vile vifuniko vya bati vya mviringo vilivyopigwa ubavuni mwa bloku huwa vimesukumwa nje kidogo au vimebadilishwa vyote kwa mkupuo, na rangi inayovizunguka haifanani na ya bloku. Hapa bloku ilisafishwa kwa dizeli na brashi ya waya, ikapuliziwa dawa nyekundu ya kuchungulia nyufa: hakuna mstari. Vifuniko vilikuwa vya zamani, vimekaa sawa. Tena oili ya Septemba ilikuwa safi baada ya misimu miwili ya kazi. Ufa wa aina hiyo haungoji misimu miwili.

Jaribio lililoamua lilikuwa la shinikizo. Pampu ya mkono ilifungwa mahali pa kifuniko cha tangi, ikasukumwa hadi bari 0.9, injini ikiwa baridi. Ndani ya dakika 5 ikashuka hadi 0.4, na hakuna tone lililoonekana nje. Nozeli zilipofunguliwa na injini kuzungushwa kwa spana, silinda namba 3 ilitema maji. Hapo ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Hedi ilivuliwa, ikapimwa kwa rula nyoofu ya chuma na vibamba vya kupimia mwanya: imepinda milimita 0.18 kati ya silinda ya 2 na ya 3, wakati kitabu kinakubali 0.05. Kisha ilifungwa bamba, ikatiwa upepo ndani ya maji ya moto ya nyuzi 80. Hakuna kiputo. Imepinda, haijapasuka.

Maji ya nje

Injini hii ina mikondo miwili ya maji isiyochanganyika. Mkondo wa nje huvuta maji ya bwawa kwa pampu yenye impela ya mpira, huyapitisha ndani ya vibomba vya eksichenja (kifaa ambamo maji ya nje huyapoza ya ndani bila kugusana), kisha huyatupa kwenye ekzosi. Mkondo wa ndani ni maji yaliyofungiwa, yanayozunguka bloku na hedi na kupozwa nje ya vibomba hivyo hivyo. Anayesema "injini imekosa maji" bila kutaja mkondo upi, bado hajasema kitu.

Impela ilikuwa na mbawa 6. Zilizobaki zilikuwa 2. Ndani ya nyumba ya pampu kuna kipande cha chuma kinachozikunja mbawa ili zivute maji. Injini ikilala, mbawa zilizosimama mahali hapo hubaki zimekunjwa, na baada ya miezi mitano ya joto la banda la bati, mpira hukubali umbo hilo na kuanza kupasuka shinani. Siku ya kuamka pampu ilikuwa kavu, na maji huchukua muda kufika. Impela nzima na laini huvumilia nusu dakika bila maji. Hii haikuvumilia.

Mbawa zilizokatika hazipotei. Mbili zilikutwa kwenye mdomo wa eksichenja na moja kwenye kiwiko cha hosi kabla yake. Ya nne ilisukumwa na fimbo kutoka kwenye kibomba. Kanuni ni kuhesabu: ukikuta mbawa 2 kwenye pampu, tafuta 4, usifunge kitu mpaka uzipate zote. Kipande kimoja kilichosahaulika kitaharibu impela mpya kwa kuibana mtiririko, na fundi atarudi kuilaumu impela.

Vibomba vya eksichenja vilikuwa 40, vyenye matope makavu 17. Maji ya Mtera ni ya mto, yana udongo laini sana, hasa mvua zinapoanza na mito kuleta tope. Septemba maji yalibaki ndani ya vibomba, yakakauka pole pole, udongo ukabaki kama lipu ya ukutani. Huko kwenye baridi kali maji haya haya yaliyoachwa ndani yangevipasua vibomba. Mtera yaliviziba. Sababu ni tofauti, hatua iliyorukwa ni ile ile: kufungua plagi za chini na kuyatoa maji.

Maji ya ndani na kulanti ya rangi

Mkondo wa nje uliofanya kazi robo tu ungeichosha injini, usingeiua, kama ule wa ndani ungekuwa mzima. Haukuwa. Kilichotoka kwenye plagi ya bloku kilikuwa maji ya rangi ya ugoro. Ndani yake, kwa maelezo ya mwenye boti, kulikuwa na "kulanti" ya kijani iliyonunuliwa mjini ikiwa tayari imechanganywa, halafu ikaongezwa maji ya kisima kila ilipopungua.

Watu wengi Dodoma huichukulia kulanti kama kinga ya baridi, kwa hiyo huona ni anasa. Kazi yake huku ni nyingine. Kwanza, ina dawa za kuzuia kutu na kulinda aluminiamu, solda na shaba. Maji matupu hayana. Pili, hupandisha kiwango cha kuchemka. Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na pale maji matupu huchemka karibu nyuzi 97.5, si 100. Kifuniko kizima cha bari 0.9 huyapandisha mpaka karibu 117, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulanti ya ethilini glaikoli huongeza nyuzi kadhaa tena. Kifuniko cha boti hii kilikuwa na mpira uliokufa, hakikushika hata bari 0.2. Kwa hiyo injini ilikuwa inafanya kazi ya kuvuta mzigo huku kati ya joto lake la kawaida na kuchemka kukiwa na nyuzi 15 tu.

Themosta, valvu inayofunguka kwa joto kuyaruhusu maji yakapozwe, nayo ilikuwa imekamatwa na kutu, imefunguka robo. Themosta ya bloku hii huanza kufunguka karibu nyuzi 71 na kuwa wazi kabisa kwenye 85. Kuipima ni kazi ya jikoni: sufuria, maji, kipimajoto, na uzi wa kuining'iniza isiguse kitako. Hii ilikaa vile vile mpaka maji yalipochemka. Mafundi wengi wangeitupa na kufunga bila themosta, desturi iliyozoeleka kwenye malori. Usifanye hivyo kwenye injini yenye njia ya pembeni ya maji: bila themosta sehemu ya maji hurudi kwenye pampu bila kupita kwenye eksichenja, na injini huwa baridi ikiwa haina mzigo, halafu moto ikipata mzigo.

Sasa ile kulanti. Rangi si kipimo. Kijani, pinki, bluu, yote ni rangi tu. Kipimo cha kioo cha kutazama tone moja ndicho bora: mchanganyiko wa nusu kwa nusu husoma karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na maji yenye rangi husoma sifuri. Kama kipimo hakipo, mizani ya dijitali inatosha. Lita moja kamili ya nusu kwa nusu ya ethilini glaikoli ina uzito wa gramu 1,070 hivi, maji matupu gramu 1,000. Dumu lililobaki la boti hii lilipimwa: gramu 1,008. Ilikuwa maji yaliyotiwa rangi. Kipimo cha asidi ya betri hakifai kazi hii, kwa sababu alama zake huanzia 1.100, juu ya kulanti yoyote ya kawaida.

Maji ya kuchanganyia ni nusu ya habari. Maji ya visima vingi vya Dodoma na jirani zake ni magumu, mengine yana chumvi ya kuonjeka. Ukoko mweupe ndani ya birika unatosha kuwa ushahidi. Chumvi ya kloridi hutoboa chuma kwa vidoti, na ugumu wa maji hugombana na dawa za kulanti zikageuka uji. Kuyachemsha hakusaidii vya kutosha: chokaa kiasi hushuka, chumvi hubaki. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa yanayouzwa vituo vya mafuta, na uwe makini dukani, kwani mwingine akisikia "maji ya betri" atakupa maji makali, yaani asidi. Maji ya mvua yanafaa pia, yakikingwa kwenye bati safi baada ya mvua za mwanzo kuosha vumbi, kisha yachujwe kwa kitambaa.

Kuhusu kipimo: nusu kwa nusu, na usishuke chini ya theluthi moja ya kulanti, kwa sababu chini ya hapo dawa za kutu hazitoshi hata kama huhitaji kinga ya baridi. Wala usitie tupu kwa kudhani nguvu itaongezeka. Ethilini glaikoli tupu hubeba joto kidogo zaidi ya nusu ya linalobebwa na maji, na kituko ni kwamba hata kwa baridi ni dhaifu: tupu huganda karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, ya nusu kwa nusu hufika 37. Usichanganye pia aina ya zamani yenye silikati na ile ya asidi ogania ya muda mrefu. Soma lebo.

Hesabu ya kumimina huwakosesha wengi. Mfumo wa boti hii unachukua lita 8, lakini plagi zikifunguliwa hutoka lita 6.2, lita 1.8 hubaki kwenye mifuko ya bloku. Ukichanganya ndooni nusu kwa nusu na kujaza, utapata asilimia 39. Namna sahihi ni hii: suuza ya mwisho iwe kwa maji ya betri, toa, mimina kwanza lita 4 za kulanti tupu, kisha jazia lita 2.2 za maji ya betri. Washa mpaka themosta ifunguke, toa hewa kwenye skrubu ya juu, acha ipoe, ongeza.

Matengenezo

Hedi ilisagwa. Kwenye dizeli kila sehemu ya milimita inayosagwa huileta pistoni karibu na hedi, kwa hiyo nafasi ya juu ya pistoni ilipimwa kwa kipande cha waya laini wa risasi kilichobanwa kati yao, na ikachukuliwa gasketi nene kidogo. Hapa bloku ya Kubota ilikuwa neema: gasketi, themosta na boliti zilipatikana kwa wauza spea za trekta, bila kuagiza spea za majini. Vitu vya majini tu, impela na sili za eksichenja, ndivyo vilivyosubiriwa kutoka Dar es Salaam. Boliti zilikazwa kwa hatua tatu kuanzia katikati kwenda nje.

Eksichenja ililoweshwa usiku kucha ndipo udongo ukalainika. Kila kibomba kikasukumwa kwa fimbo nyembamba ya mwanzi. Waya wa chuma hukwaruza na kutoboa. Ukoko wa chokaa uliobaki uliondolewa kwa asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita ya maji ya moto, nusu saa, kisha suuza. Oili ilibadilishwa mara tatu, ya kwanza na ya pili baada ya dakika chache tu za kuwaka bila mzigo, mpaka weupe ukaisha.

Ilivyotakiwa kulazwa

Kazi nzima ni nusu siku, na huanza boti ikiwa bado majini, kwa sababu injini inatakiwa iwe ya moto. Oili na filta hubadilishwa mwanzoni mwa mapumziko, si mwishoni. Oili iliyotumika ina unyevu na asidi za moshi, na miezi mitano ni muda mrefu wa kuziacha zilale juu ya beringi. Baada ya kubadilisha, washa dakika 5 ili oili mpya ifike kila mahali.

Boti ikishapandishwa, hosi ya kuvuta maji huchomekwa kwenye ndoo ya maji safi. Ndoo tatu za lita 20, injini ikiwa kwenye sailensa tu, yaani ikizunguka pole pole bila mzigo. Zikaribie kwisha, zima kabla pampu haijavuta hewa. Kisha fungua plagi zote za chini za mkondo wa nje. Plagi ikifunguliwa na hakuna kinachotoka, usishukuru. Chomeka kijiti, mara nyingi ni udongo umeziba. Vua vifuniko vya ncha za eksichenja, suuza vibomba, acha vikauke. Kama ndani mna anodi (kipande cha madini kinacholiwa na kutu badala ya injini), itazame: anodi za zinki za baharini hujifunika ngozi kwenye maji baridi ya bwawa na kuacha kufanya kazi, kwa hiyo huku hufaa za magnesiamu au aluminiamu, kwa jinsi mtengenezaji anavyoruhusu.

Kitabu cha Ulaya kingeendelea: vuta lita kadhaa za kulanti ya propilini glaikoli kupitia mkondo wa nje mpaka itoke na rangi yake kwenye ekzosi. Hiyo ndiyo hatua ya barafu, na ndiyo pekee inayoweza kuachwa Mtera bila hofu, ilimradi maji yametolewa kweli. Anayetaka kuifanya kwenye injini isiyo na eksichenja, ile inayopozwa moja kwa moja kwa maji ya bwawa, akumbuke kwamba injini ikiwa baridi themosta imefungwa: kulanti itapita pembeni na kutoka nje ikiwa na rangi nzuri, huku bloku imejaa maji yale yale.

Ethilini glaikoli isiguse mkondo huo kamwe, kwa sababu utaimwaga bwawani. Ina ladha tamu, ni sumu, na kiasi kidogo huua mbwa. Kando ya Mtera ng'ombe na mbuzi hunywa pale pale boti zinapolala. Ya zamani ikingwe kwenye beseni, itiwe dumu lenye maandishi, isiwe chupa ya soda.

Impela itolewe, ikae kwenye mfuko mbali na jua. Karatasi ifungwe kwenye ufunguo: IMPELA IMETOLEWA, USIWASHE. Hosi ya ekzosi izibwe kwa kitambaa chenye mkia mrefu unaoonekana, maana nyigu wa udongo hawahitaji zaidi ya wiki mbili kujenga humo. Mkanda wa altaneta ulegezwe. Tangi la dizeli lijazwe na maji ya chini ya filta yatolewe; tangi nusu hupumua unyevu kila usiku, na vijidudu huota pale maji na dizeli vinapokutana. Betri ikae nyumbani ikiwa na volti 12.7, ipimwe kila mwezi, ichajiwe ikifika 12.4. Joto huimalizia chaji haraka kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyosema. Na kila mwezi mtu azungushe injini kwa spana mizunguko miwili, kwa upande inaozungukia, ili ringi zisishikane na silinda.

Siku ya kuiamsha

Kitambaa cha ekzosi hutolewa kwanza, kabla ya kingine chochote, kwa kuwa ndicho kinachosahaulika. Impela mpya au iliyokaguliwa hupakwa sabuni ya maji au gliserini. Grisi ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira. Isukume ndani huku ukiizungusha upande inaozungukia. Kichujio cha maji kijazwe kwa jagi ili pampu isianze kavu.

Boti ikiwa majini, fungua valvu ya maji, washa, na mmoja asimame nyuma akitazama ekzosi. Maji yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Yakitoka, weka kiganja kwenye hosi ya ekzosi baada ya dakika mbili: iwe ya uvuguvugu, isiwe ya kuunguza. Endesha dakika 20 boti ikiwa bado imefungwa mwaloni, gia ikiwa ndani ili injini ipate mzigo, na mshale utulie kati ya nyuzi 80 na 85. Zima, iache ipoe, tazama kiwango cha maji ya ndani na rangi ya oili. Hapo ndipo mizigo ipakiwe.

Boti hii ilipoamshwa baada ya matengenezo, maji yalitoka sekunde ya nane na mshale ukasimama kwenye 82. Usiku uliofuata mkondo wa ndani ulipungua robo lita, hewa iliyokuwa imebaki kwenye hedi. Ikaongezwa, na haikupungua tena.